Saa Kumi ya Nani?

Leo asubuhi mama mkwe ameoga maji baridi nyumbani kwangu. Julai. Nakuru. Acha nirudie polepole ili hata aliyelala kiti cha nyuma cha matatu asikie: mama mkwe, maji baridi, Julai.

Na hakulalamika. Hapo ndipo penye kidonda. Angelalamika ningejua pa kushika. Alitoka bafuni amejitanda leso mbili, akaketi, akapokea kikombe cha chai kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeopolewa ziwani, akasema, "Maji yenu ni mazuri, Baba Njeri. Yanaamsha."

Mama Njeri akaniangalia. Mimi nikaangalia kalenda.

Sasa mtu asinidhanie ni wale wa ndoo na sufuria. Mimi nina mtambo. Juu ya paa langu kuna sola ya kupasha maji na tenki la lita 150, na ndani ya tenki kuna koili ya kilowati tatu, ya kusaidia siku zile jua limeamua kubaki Mogotio. Shawa ya umeme niliing'oa kwa heshima zote baada ya kunipiga shoti nikiwa na sabuni machoni. Fundi aliyeifunga aliuona waya wa ethi, ule wa kupeleka shoti ardhini, kuwa ni mapambo, akaukata.

Aliyenitia tamaa ya mitambo ni shemeji yangu wa London. London ya Uingereza, kwa sababu mimi pia naishi London, hii ya Nakuru, ambako upepo ukigeuka tunajua kilichotupwa jana kule jalalani Gioto. Kwa hiyo watu wawili wa London hupigiana simu Jumapili, mmoja akiwa na joto.

Siku moja akanieleza kwamba nyumbani kwake maji yanachemshwa na boila ya kombi. Mimi kombi ninayoijua ni Volkswagen ya marehemu mjomba, iliyobeba walimu, magunia ya viazi na siku moja jeneza. Nikamwambia, "Shemeji, ile gari injini yake ilipozwa na hewa. Haikuwa hata na rejeta. Maji inachemshia wapi?" Akacheka mpaka akaita mkewe aje asikie. Sikuona cha kuchekesha.

Kumbe ni sanduku la gesi, linatundikwa ukutani. Ukifungua bomba la moto linajiwasha lenyewe na kuyapasha maji yakiwa yanapita, bila tenki lolote, na sanduku hilohilo linapeleka moto kwenye vyuma vya kila chumba, nyumba ikapata joto. Lakini kwa kuwa ana bafu mbili na watoto wanaooga kama mabata, aliongeza silinda ya maji ghorofani. Vali yenye mota inaamua moto uende wapi, kwenye vyuma au kwenye silinda. Nyumba ina saa yake na kipima joto chake, silinda ina vyake. Yote anayaamuru kwa simu akiwa kwenye treni.

Na bado analalamika! Eti vali imekwama: akitaka maji peke yake, sebule nayo inapata joto, na ni majira ya kiangazi. Nilimpa pole. Mimi hapa sebuleni ningeshukuru kitu chochote kipate joto kwa bahati mbaya.

Nilichoiba kwake ni wazo la taima.

Fundi alikuja Jumamosi na kijana wake wa kushika tochi. Taima yenyewe ni kisahani cheupe chenye namba 1 hadi 24, na pembeni kina vijino. Ukibonyeza vijino vya saa fulani, koili inawaka saa hizo. Fundi akauliza, "Mzee, unataka maji yaanze saa ngapi?" Nikamjibu kwa sauti ya mwenye nyumba: "Saa kumi mpaka saa kumi na mbili." Akabonyeza, akafunga kifuniko, akapokea elfu mbili, akamaliza chai yangu, akaenda zake.

Wiki nzima tukaoga uvuguvugu wa aibu. Tokeni za stima nazo zikawa zinaisha kama sukari kwenye nyumba ya matanga. Uniti sita zaidi kila siku, zinakwenda wapi? Nilishuku friji. Nilimshuku jirani. Nilimkalisha Njeri chini kuhusu kuchaji simu. Mpaka siku niliyobaki nyumbani na mafua. Saa tano asubuhi, jua limetoka, sola inafanya kazi yake ya bure kule juu, nafungua bomba ninawe, maji yanatoka na mvuke! Nikakimbilia taima. Vijino vimebonyezwa kuanzia 10 hadi 12.

Nikamwita fundi. Alikuja na kijana na tochi, ingawa ilikuwa mchana.

"Fundi, nilikwambia saa kumi."

"Na ndiyo hii kumi, mzee." Akaigonga kwa bisibisi.

"Hiyo ni saa nne asubuhi."

"Imeandikwa kumi."

"Kumi ya Kizungu!"

"Mzee, hii taima imetoka China."

Nikanyamaza kidogo, maana hoja ilikuwa na uzito wake. Kisha nikajikusanya. "Mimi nilitaka saa kumi alfajiri. Watu wakiamka saa kumi na mbili wakute maji."

"Basi ungesema saa nne."

"Niseme saa nne nikitaka saa kumi?"

"Saa yako ya mkononi inasema nini ikifika saa kumi alfajiri?"

"Inasema nne."

"Sasa mzee!"

"Lakini mimi sisomi kilichoandikwa!" Nilijisikia mwenyewe nikiyasema hayo, kwa sauti, katika nyumba niliyojenga kwa jasho langu.

Hapo kijana wa tochi, ambaye tangu aingie hajawahi kutoa neno, akaamua kutusaidia. "Mzee anasema kumi. Kumi toa sita ni nne. Tukiweka nne, mzee akija kuangalia atasoma nne, ataongeza sita, iwe kumi. Lakini kama yeye hasomi kilichoandikwa, basi akiona nne ataona kumi, aongeze sita, iwe kumi na sita. Na kumi na sita iko hapa, nimeiona." Akaimulika. Kweli ilikuwapo. "Hiyo ni jioni," akaongeza kwa huzuni.

Fundi akamnyang'anya tochi. Nikamwambia amrudishie, angalau huyu alikuwa anafikiri. Fundi akasema kama ninataka fundi wa kufikiri nitafute chuo kikuu. Mimi nikasema katika nchi hii mtu hawezi kuomba maji moto bila kufanyiwa mtihani wa hesabu. Kutoka jikoni Mama Njeri akapaza sauti, "Si muweke tu iwake kabla watu hawajaamka!" Sote watatu tukamwonea huruma kwa kutoelewa ugumu wa jambo.

Mwishowe vijino vikahamishwa, 4 hadi 6. Fundi akaandika ukutani kwa kalamu nzito, juu ya rangi niliyoipaka Desemba: 4 = 10. Kijana akaangalia maandishi yale kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Kwa kazi hiyo nikatozwa elfu moja nyingine, na nikaambiwa nijiandae kununua koili mpya, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi. Hilo sikubisha. Floridi yake imeshatupaka meno rangi ya chai mtaa mzima.

Siku nne nilioga nikiimba.

Kisha juzi Alhamisi stima ikapotea mchana. Taima yangu haina betri. Mota yake inazungushwa na stima. Stima ikilala nayo inalala, ikiamka inaendelea palepale ilipoachia, kama mlevi anayeamshwa akamalizia hadithi. Stima ilikaa nje saa ngapi? Sita. Kati ya saa yetu na ya Kizungu kuna tofauti ya saa ngapi? Sita! Yaani wenye stima, bila bisibisi, bila tochi, bila hata kunywa chai yangu, wamerudisha maji yangu saa nne asubuhi.

Jana watoto waliniambia maji ni baridi. Nikawaambia ni Julai. Mimi mwenyewe jana sikuoga, na hilo tuliache. Jioni mama mkwe akateremka kutoka matatu ya Nyahururu.

Kinachoniuma zaidi ni ardhi tuliyokalia. Olkaria, humuhumu katika kaunti, mvuke wa ardhini unazalisha stima tangu 1981. Hapa nyuma ya nyumba, Menengai, walianza kuchimba visima vya mvuke 2011. Nenda kaskazini kidogo mpaka Bogoria, watu wanachemsha mayai kando ya ziwa bila tokeni. Mimi nimekalia birika lote hilo nikitetemeka, na stima yenyewe inayotoka kwenye mvuke huo naiuziwa kwa namba ishirini ambazo lazima niziingize kwenye mita gizani. Nimechoka. Nasema kweli, nimechoka.

Taima pekee inayofanya kazi mtaa huu ni jogoo wa jirani. Saa kumi alfajiri, stima iwepo isiwepo, anawika, na hajawahi kuniuliza kumi ya nani. Ubaya wake ni kwamba tangu waweke taa ya barabarani anawika pia saa tatu usiku, na saa sita, na mbwa akikohoa. Nilishawahi kumrushia kiatu. Kiatu kilirudi na mwenye jogoo.

Mama mkwe naye amemsikia. Alipomaliza chai alisema, "Jogoo huyo ana sauti nzito." Kwetu mama mkwe hasifu sauti ya jogoo kwa sababu ya muziki. Nikatoka nje na kwenda kwenye ua kumwuliza jirani bei. Elfu moja mia tano. Nikamwambia jogoo hata saa hajui vizuri. Akasema kwa hilo atapunguza mia.

Sasa ni saa nne na nusu. Jogoo yuko jikoni kwangu, amefungwa miguu, kwa mara ya kwanza amenyamaza. Mama Njeri ameuliza kama ateleke sufuria ya maji ya kumnyonyolea. Nimemwambia aache kupoteza gesi, afungue tu bomba saa sita.