Chembe ya chuma na vazi la mwanaanga: hatari iko wapi hasa?

Novemba 15, 2021 Urusi iliilipua kwa kombora setilaiti yake kuukuu, Kosmos-1408. Vilisambaa vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa, mbali na chembe nyingi zisizofuatilika. Watu saba waliokuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wawili wakiwemo, walikimbilia kujihifadhi kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani. Novemba 30 NASA, shirika la anga la Marekani, iliahirisha kazi ya nje ya kituo kwa hofu ya vifusi. Desemba 2 wanaanga wake Thomas Marshburn na Kayla Barron wakatoka nje. Ni rahisi kuuita uamuzi huo wa kuwatoa uzembe. Mimi naona ulipimwa vizuri.

NASA ilieleza kwamba wanaanga wawili wakikaa nje saa sita na nusu, uwezekano wa vazi kutobolewa ni kama 1 kwa 2,700, na kwamba mlipuko uliuongeza kwa asilimia 7. Asilimia hiyo inatisha mpaka uipigie hesabu: 1 kwa 2,700 inakuwa takriban 1 kwa 2,520. Tena kutobolewa si lazima kuwe kifo. Vazi lina oksijeni ya akiba ya dakika 30 hivi, ili mtu awahi mlangoni.

Zaidi ya hapo, vifusi huweza kumdhuru mwanaanga bila kumgusa. Chembe zikigonga vyuma vya kushikia nje ya kituo huacha vishimo vyenye kingo kali. Agosti 2007 mwanaanga Rick Mastracchio aliikagua glavu yake ya kushoto akakuta gumba limechanika. Hewa haikuvuja, lakini aliamriwa kurudi ndani. Kingo za namna hiyo zilishukiwa. Na si kila hatari hutokana na vifusi: Julai 2013 mwanaanga Luca Parmitano nusura azame ndani ya helmeti yake, kwa maji yaliyovuja kutoka kwenye vazi lenyewe.

Wanaoogopa wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: hatari hujilimbikiza. Kazi moja ya nje ina 1 kwa 2,700, lakini kazi za namna hiyo zikifika 270, uwezekano wa vazi mojawapo kutobolewa unakaribia 1 kwa 10. Kituo hicho kimeshaivuka idadi hiyo. Ndiyo maana lawama naielekeza kwa wanaolipua, siyo kwa wanaotoka nje. Desemba 2022 nchi 155 katika Umoja wa Mataifa ziliunga mkono wito wa kuacha majaribio ya kulipua setilaiti kwa makombora. Urusi ilipiga kura ya hapana.