Unashangaa nini?

Hapa Nairobi kushangaa ni kama kosa. Simama barabara ya Tom Mboya uangalie juu kidogo tu, mtu atakupitia akisema "wewe shangaa, simu itaenda". Mtu akitoka ushago hilo ndilo somo la kwanza anapewa, tembea haraka, usikodolee kitu macho, usionekane mshamba.

Na sio ujinga. Huu ni mji wa pata potea, ule mchezo wa kamari wa barabarani, na wash wash wa pesa feki, na yule jamaa anayeokota bunda la pesa mbele yako halafu anataka mgawane. Asiyeshuku hapa analipa karo, na wengine tumelipa zaidi ya mara moja.

Shida yangu ni kwamba hii ujanja imetoka kwa mfuko ikapanda mpaka kwa macho. Mnakumbuka 2020 wakati wa kafyu ya korona, kuna picha ilizunguka ya Mlima Kenya umesimama nyuma ya maghorofa ya Nairobi, mkubwa ajabu? Watu walicheka. Imeeditiwa, tukasema, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikaandika kwa grupu ya ploti kwamba mlima uko Nyeri huko, hauwezi kuonekana tao. Nilijisikia mjanja kweli.

Sasa asubuhi moja, bado ni kafyu hiyo hiyo, kitu saa kumi na mbili na nusu nimepanda juu ya ploti kuanika nguo, mvua ilikuwa imenyesha usiku, nikapata mama wa nyumba namba tisa amesimama na beseni kiunoni haaniki kitu. Nikamuuliza, "Mama Brayo, kuna nini?" Akaelekeza kwa mdomo tu. Upande wa Thika Road, juu kidogo ya ukungu, kulikuwa na kitu cha bluu kimechongoka kama jino.

Kwa macho ni kidogo sana, wacha niseme hivyo. Ukinyoosha mkono, kidole chako cha mwisho kinaufunika. Kutoka hapa hadi kileleni ni kama kilomita 140 kwa mstari wa moja kwa moja, na Batian, ncha yake ndefu kuliko zote, ina mita 5,199, kwa hivyo ncha inapita juu ya kila kitu kilicho katikati, basi tu hewa iwe safi. Ile picha ilikuwa kubwa kwa sababu ya lensi ya kuvuta, ambayo inaleta mlima karibu na ghorofa. Kwa hivyo swali la wabishi, mbona ni mkubwa hivyo, lilikuwa swali zuri sana. Makosa yetu ni kwamba tuliuliza tukiwa tumekaa, hakuna aliyepanda ngazi. Na mimi nikishajua mambo ya lensi bado nilirudi juu kesho yake kuangalia, sijui kama kujua kulipunguza chochote.

Kuna hoja moja ya upande ule mwingine ambayo inanisumbua mpaka leo. Ile hewa ilikuwa safi, sawa, mvua ilisaidia, na hata miaka mingine mlima huonekana asubuhi kama hizo. Lakini pia magari yalikuwa yamepungua, matatu ya watu 14 ilikuwa inabeba 8 kwa sababu ya korona, na kwa ploti yetu kulikuwa na watu hawajaona mshahara tangu Machi. Ukimwambia mtu kama huyo aje aone mlima, atakuuliza mlima unalipa rent? Hapo sina jibu. Ninachojua tu ni kwamba mama Brayo alikuwa mmoja wao, kibanda chake cha chapati kilikuwa kimefungwa, na ndiye aliyeuona kabla yangu.

Aliniambia nisimame hapo hapo nisiuache, akakimbia chini kuchukua simu. Ghorofa nne. Aliporudi mawingu yalikuwa yameshafunga, akapiga tu hivyo hivyo. Kwa hiyo picha unaona tenki ya maji na suruali zangu mbili, na ukimuuliza anakuonyesha kwa kidole mahali mlima ulikuwa.