Ajali za nyumbani na hofu ya hospitali wakati wa korona

Machi 2020 Kenya ilifunga shule, na tarehe 27 mwezi huohuo ikaanza kutekeleza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu akiumia nyumbani nyakati kama hizo, huongeza mzigo kwa wahudumu wa afya waliokwisha kulemewa. Ndiyo maana wapo wanaosema kinga ya kwanza ni kuondoa hatari ndogondogo tunazoishi nazo.

Nawaunga mkono. Watoto walishinda kando ya jiko la mkaa, katika chumba kilekile cha kupikia na kulala. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto wa miaka miwili atajuaje kwamba si soda? Kuyahamisha hakugharimu kitu. Hata kujikinga na korona kulileta hatari zake: sanitaiza yenye spiriti hushika moto upesi, na maji ya kujifukiza huunguza. Kule Birmingham, Uingereza, madaktari waliripoti mwaka 2020 kwamba watoto walioungua kwa kujifukiza wameongezeka.

Hata hivyo, wito huu una upande unaonitia wasiwasi zaidi. Ukirudiwa bila uangalifu, mzazi huelewa kwamba asiende hospitali. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hutapishwa nyumbani, mafuta yakaingia mapafuni, na hapo hatari huzidi. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, watu waliviogopa vituo vya afya, wakafa kwa malaria na matatizo ya uzazi ambayo yangetibika.

Tena, si kila dharura huzuilika kwa tahadhari. Uchungu wa kujifungua hausubiri kafyu iishe. Jijini Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki alilazimika kuanzisha mpango wa kuwasafirisha bure wajawazito usiku, kwa kuwa magari yalikuwa hayapatikani na watu waliwaogopa polisi. Na mama anayeishi chumba kimoja, kumwambia amweke mtoto mbali na jiko ni kumlaumu kwa ufinyu wa nyumba yake.

Kwa hiyo sitaki wito huo uachwe. Nataka usitolewe nusu. Anayemwambia mzazi afunge mafuta ya taa kabatini amwambie papo hapo: mtoto akiyanywa, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja, hata usiku. Na serikali inayotangaza kafyu itangaze siku hiyohiyo namba ya kupiga na gari litakalokuja.