Jazi na maharage vinaendana

Kuna mwandishi mmoja nimemsoma, anasema jazi ni muziki wa hotelini, wa kusikilizwa kwa mvinyo na jibini. Hapo sikubaliani naye kabisa. Huku Uyole, Mbeya, mwezi wa 7 baridi inapenya hadi mifupani, na mimi jazi yangu naisikilizia jikoni. Simu naitumbukiza kwenye sufuria tupu ili sauti ivume, pembeni maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi mzaliwa wa New Orleans, Marekani, mwaka 1901, aliyapenda maharage mekundu na wali kiasi cha kuvitaja akiaga mwishoni mwa barua zake! Maharage ya Mbeya na mchele wa Kyela, jamani, yeye angekula hadi asaze nini?

Miles Davis, mpiga tarumbeta mwingine wa jazi, namweka usiku watoto wakishalala. Ile albamu yake Kind of Blue ya 1959 inataka utulivu na kiazi cha kuchoma chenye chumvi, basi. Bendi zetu za zamani kama Morogoro Jazz na Western Jazz zilijiita jazi lakini zilipiga dansi, na nazipenda vilevile. Hizo ni za kusongea ugali, mkono unafuata gitaa wenyewe.