Mwacheni binti asomee mayai

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha familia pale Kikuyu, hapa Dodoma. Mambo ya harusi yalipoisha, wakamgeukia mtoto wa dada yangu, anayetaka kufanya uzamili wa embriolojia, yaani elimu ya jinsi kiumbe kinavyoumbika kabla ya kuzaliwa au kuanguliwa. Baba mkubwa akamkatiza: "Miaka yote hiyo kutazama mayai? Utaajiriwa wapi?" Wakacheka. Binti akasema taratibu, "Baba mkubwa, siyo mayai, ni kilichomo ndani," akanyamaza. Roho inaniuma mpaka leo.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. Kanda hii ya kuku wa kienyeji nani asiyelijua hilo? Lakini waliowahi kulimulika ni wangapi? Mwaka jana binti huyu alinizimia taa jikoni, akaweka tochi ya simu chini ya yai la siku ya nne. Mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui, na katikati kidoa kinatikisika. Nilishika pumzi.

Hata mwanaembriolojia maarufu Nicole Le Douarin alikuwa mwalimu wa sekondari Ufaransa kabla ya kuingia maabara. Mwaka 1969 alionyesha kwamba kwa hadubini unaweza kuzitofautisha seli za kware na za kuku. Basi akawa anapandikiza kipande cha kiinitete (kiumbe kinachoanza kuumbika ndani ya yai) cha kware ndani ya kile cha kuku, anafuatilia seli za kware zinaelekea wapi. Nyingine zilitoka mgongoni zikasafiri hadi kwenye utumbo, zikawa mishipa yake ya fahamu. Mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Kyoto, kule Japani.

Sasa nisikilizeni. Jirani yangu hapa Nkuhungu alijifungua mtoto; mtoto siku tatu hakupata choo, tumbo likajaa kama ngoma. Walikoanzia waliambiwa ni gesi, wakarudishwa nyumbani. Daktari wa upasuaji aliyemwona baadaye ndiye aliyeeleza: mwisho wa utumbo mpana hauna mishipa ya fahamu, seli hazikufika. Zilitakiwa kutokea wapi, tunajua kwa sababu kuna mtu alikaa miaka akitazama mayai. Mtoto alipasuliwa, leo anatambaa uani kwetu.

Ajira ni ngumu, nakubali. Lakini waliosomea biashara nao wapo mtaani na vyeti vyao, na hakuna aliyewacheka kikaoni.

Baba mkubwa, najua utasoma hapa. Kuku wako kule Bahi ameanza kuatamia. Siku ya nne mwite binti, mzime taa.