Chumba changu cha giza ni choo cha gari

Wapiga picha wa kamera kubwa wakikutana hubishania lenzi. Mimi ubishi wangu ni giza.

Kamera yangu inakula filamu za vipande, inchi 4 kwa 5, viwili kwa kila holda, yaani kasha bapa la kushikia filamu ndani ya kamera. Nina holda sita. Nikishapiga picha 12, lazima nijifungie mahali pasipo na mwanga hata chembe, nitoe zilizopigwa niweke mpya. Nyumbani hilo si tatizo. Lakini jangwani Utah, siku ya tatu ya safari, nyumba ni gari la kulala lenye madirisha kila upande na tundu la hewa darini.

Wengi watakwambia nunua mfuko wa giza, ule wa kuingiza mikono miwili. Ninao. Kwa holda moja unafaa. Ukifika ya tatu mikono imelowa jasho, kitambaa kinakulalia juu ya filamu, na alama za vidole utaziona siku ya kusafisha picha.

Basi nikaanza kuziba madirisha kwa karatasi ya alumini na tepu nyeusi. Saa nzima nabandika, na mwanga bado unapenya kwenye mlango. Siku hizi nawaona watu wakijisifia mapazia ya kushonesha kwa ajili ya kazi hii, nami nacheka. Subiri jua lizame! Mpiga picha Roger Fenton, aliyekwenda vita vya Crimea mwaka 1855 na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akaligeuza chumba cha giza, hakuwa na hiari hiyo. Vioo vyake, alivyotumia badala ya filamu, vilipakwa dawa, vikapigwa picha na kusafishwa kabla havijakauka, kwa hiyo alifanya kazi mchana, ndani ya joto la sanduku. Filamu yangu inasubiri hadi usiku bila kinyongo.

Usiku ukiingia, choo cha gari kinatosha. Hakina dirisha, mlango ni mmoja, na blanketi linaziba upenyo wa chini. Nafunika sinki kwa ubao, hiyo ndiyo meza. Kabla ya kufungua chochote nanyunyizia maji kidogo hewani ili vumbi litue, maana chembe ikikaa juu ya filamu kabla ya kupiga huacha doa jeusi kwenye picha. Kisha nazima taa na kukaa, dakika ishirini, mpaka macho yazoee. Nikiuona mkono wangu, sifungui boksi. Na msidanganywe na ile taa nyekundu ya kwenye sinema: hiyo ni ya karatasi za kuchapia. Filamu ya kawaida kama HP5 inaona nyekundu vizuri tu. Ninachotegemea ni vidole: nikipapasa kile kipengo cha pembeni kikiwa juu kulia, najua upande wenye dawa unanitazama.

Kilichonitia hasara ni kitaa cha kijani. Kifaa cha kugundua gesi kina nukta moja ya mwanga, na nilikuwa nimeacha mlango wa choo wazi kidogo kwa sababu ya joto. Filamu 12 zikatoka na ukungu wa kijivu. Sasa nakibandika tepu ile nukta. Kukichomoa siwezi, ndicho kinachotulinda tukilala.

Shida iliyobaki ni mama watoto. Safari iliyopita alibanwa nikiwa katikati ya kazi, akachukua tochi akatoka nje kwenye baridi, na aliporudi akawasha taa zote kwa makusudi. Blanketi lilishika, filamu zikapona. Tangu siku hiyo, kabla sijajifungia naita kwanza: “Mama, huna haja?” Naye hunijibu, “Nitakuwa nayo ukishafunga.”