SHA: Kinachopingwa ni mchango, au ni mkono unaoupokea?

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya taifa ya hospitali, NHIF, ilipofungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake, Wakenya hawajaacha kuzozana kuhusu bima hiyo. Serikali imezoea kusema kwamba wanaoipinga hawaielewi, au wameielewa lakini wamechochewa na wanasiasa. Wapinzani nao wameiweka SHA katika fungu moja na ushuru na tozo nyingine za kumkamua mwananchi. Kwa maoni yangu, mambo mawili yamechanganywa hapa: mageuzi yenyewe, na jinsi yalivyoletwa. Ukiyatenganisha utaona kwamba serikali ina hoja nzito kuliko wengi wanavyokubali, na wapinzani wana hoja nzito kuliko serikali inavyotaka kusikia.

Tuanze na hesabu. Kwa viwango vya NHIF vilivyowekwa 2015, mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750 kila mwezi. Wa 50,000 alikatwa 1,200. Kuanzia 100,000 kwenda juu kila mtu alikatwa 1,700, hata kama ni mkurugenzi anayelipwa milioni moja. SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300. Kwa hiyo yule wa 20,000 sasa anakatwa 550, wa 50,000 anakatwa 1,375, na wa 100,000 anakatwa 2,750. Mkurugenzi anakatwa 27,500.

Ukiacha waliokuwa wakipata chini ya 6,000, ambao mchango wao ulipanda kutoka 150 hadi 300, karibu kila mwajiriwa wa chini ya shilingi 33,000 analipa kiasi kilekile au pungufu ya alichokuwa akilipa. Waliopandishiwa ni wa juu ya hapo. Mwenye nacho achangie zaidi ili asiye nacho atibiwe: huo ndio msingi wa bima ya afya ya jamii popote ilipo, na NHIF ilikuwa imeukiuka kwa miaka mingi kwa kuwafungia matajiri mchango katika kiwango ambacho hawakukihisi hata kidogo. Katika hili naiunga mkono serikali bila kusitasita. Sehemu ya kelele tulizosikia ilitoka kwa watu wa mishahara minono waliozungumza kana kwamba wanamtetea mlinzi wa usiku, ilhali makato ya mlinzi huyo yalikuwa yamepungua.

Lakini mbona hata huyo mlinzi hakufurahi? Kwa sababu hakuna anayeisoma hati ya mshahara mstari mmoja mmoja. Katika kipindi hicho hicho kulikuja ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, michango ya NSSF ikawa inapanda kwa awamu, na bei za vitu zilikuwa juu. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Mtu aliyeona mshahara wake wa mwisho wa mwezi ukipungua mara tatu hawezi kushawishika kwamba mkato wa nne umepungua kwa shilingi mia mbili. Serikali iliyaleta mageuzi ya afya katikati ya msimu ambao neno lolote lenye asilimia ndani yake lilikuwa limekwisha kuchukiwa, na kosa hilo halikuwa la wananchi. Ahueni kidogo ilikuja Desemba 2024, sheria ya kodi iliporekebishwa ili mchango wa SHA uondolewe kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kupigiwa hesabu, lakini maoni ya watu yalikuwa yameshajengeka.

Kuna jambo jingine ambalo hata wapinzani hawakulipigia kelele ya kutosha: mwajiri hachangii chochote. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha. Ujerumani, ambako bima ya namna hii ilianza mwaka 1883 enzi za Bismarck, mchango hugawanywa baina ya mfanyakazi na mwajiri. Hapa mzigo wote umebebeshwa mfanyakazi, na sijasikia maelezo ya kuridhisha kwa nini iwe hivyo.

Hata hivyo, waajiriwa si Wakenya wengi. Wengi wako juakali, sokoni, shambani, kwenye bodaboda. Chini ya NHIF mtu wa kundi hili alilipa shilingi 500 kwa mwezi, akikosa mwezi anakosa. SHA ilikuja na utaratibu wa kupima uwezo wa kaya kwa maswali: nyumba imeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mna mifugo gani. Kutokana na majibu, mtambo wa kidijitali unatoa kiwango. Kiwango kinaweza kuwa 300, chini ya zile 500 za zamani. Lakini kanuni zinataka mchango wa mwaka mzima ulipwe kwa mkupuo. Mia tatu mara kumi na mbili ni 3,600, na hiyo ndiyo hesabu ya chini kabisa.

Mtu ambaye kipato chake huingia kwa siku, na kesho yake hakijulikani, hawezi kutoa pesa hizo mara moja isipokuwa aache kulipa kitu kingine. Serikali yenyewe ililitambua hilo ilipoanzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka akaulipa kidogo kidogo. Yaani sheria inamdai maskini alipe mwaka mzima, kisha anapewa mkopo wa kutii sheria hiyo. Kuruhusu malipo ya kila mwezi kungekuwa rahisi zaidi. Najua hoja ya wataalamu: ukiruhusu malipo ya mwezi, mtu atangoja augue ndipo alipe, na bima ya wagonjwa peke yao hufilisika. Hoja hiyo ni ya kweli na NHIF iliteseka nayo. Ila jibu walilochagua limewafungia nje hata wale waliokuwa tayari kulipa.

Nchi nyingine zimekabili kikwazo hiki hiki kwa njia tofauti. Ghana, katika sheria yake ya bima ya afya ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwa bidhaa na huduma, ikawa chanzo kikuu cha fedha za mfuko. Hata muuza samaki asiyejaza fomu yoyote, anaponunua bidhaa yenye tozo hiyo, amechangia. Rwanda iliwapanga watu katika madaraja ya Ubudehe, ambapo wanakijiji wenyewe walishiriki kusema nani ana uwezo na nani hana, na mchango wa bima ukafuata daraja. Njia zote mbili zina lawama zake. Tozo ya bidhaa humgusa hata fukara, na kijijini hakukosi chuki na upendeleo. Lakini mtu aliyewekwa daraja na jirani zake anajua pa kulalamikia. Kwetu mama anapewa tarakimu na simu, asijue ni swali gani lililompandishia kiwango.

Na kuna akina mama wenyewe. Linda Mama iliwawezesha wajawazito kujifungua bila kuchangia shilingi. Ilikuwa na matatizo ya malipo kwa hospitali, ila mwanamke aliijua, aliiamini, na alikwenda hospitali. Mpango uliochukua nafasi yake, Linda Jamii, unamtaka awe amesajiliwa na amelipa mchango. Serikali inasema familia nzima sasa ina bima badala ya mama peke yake, na kwenye karatasi ni sawa. Kwa aliyeanza uchungu bila mchango kulipwa, haki aliyokuwa nayo imeondolewa. Sijaona hoja inayoweza kulitetea hili, na kama ningeambiwa nichague kifungu kimoja cha kurekebishwa leo, ningechagua hiki.

Upande wa serikali una ushahidi wake pia. NHIF iliyoanzishwa 1966 haikuwa johari iliyovunjwa kwa hila. Iliandamwa na kashfa moja baada ya nyingine, madai hewa yalilipwa, na ilipofungwa iliacha deni la hospitali la zaidi ya shilingi bilioni 30. Wanaosema "turudishieni NHIF" wanasahau kwamba walikuwa wakiilaani. Mpango mpya una mifuko mitatu: wa huduma za msingi, unaogharamiwa na serikali ili zahanati na vituo vya afya vitibu bure, wa bima yenyewe, na wa dharura na magonjwa sugu, kwa ajili ya mgonjwa ambaye bima yake imemalizika. Huo ni muundo mzuri. Kumsaidia mtu mapema, kabla ugonjwa haujamfikisha hospitali kubwa, ni jambo ambalo wataalamu wa afya wamelidai kwa miaka. Malipo ya kusafisha figo yalipandishwa kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila kikao. Na si hospitali zote zinazolalamika ni safi. Waziri wa Afya, Aden Duale, alizifungia baadhi mwaka 2025 kwa tuhuma za madai ya uongo, na wizi wa namna hiyo ulikuwepo tangu zamani.

Tatizo ni kwamba muundo mzuri huhitaji kuaminiwa, na imani hiyo ilitumiwa vibaya tangu mwanzo. Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya Oktoba 2023. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitangaza kwamba sheria tatu kati ya hizo zinakiuka katiba, pamoja na mengine kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, wakaipa serikali siku 120 kurekebisha. Badala ya kurudi kwa wananchi, serikali ilikwenda Mahakama ya Rufaa, ikapata amri ya kusimamisha hukumu hiyo mwezi Septemba, na siku chache baadaye SHA ikaanza. Kisheria ilikuwa na haki hiyo. Kisiasa ilikuwa imewaambia watu kwamba kuwasikiliza ni kikwazo cha kurukwa.

Ikafuata ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, mwaka 2025. Mtambo wa kidijitali unaoendesha SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haukununuliwa kwa zabuni ya ushindani, na serikali si mmiliki wake. Mtu akiuliza kwa nini mwananchi anasitasita kutoa mchango wake, ripoti hiyo inatosha. Haikuandikwa na mpinzani wa kisiasa.

Wanaotetea mageuzi husema kila bima ya afya duniani ilipingwa ilipoanza. Ni kweli. Madaktari wa Uingereza walipiga kura kwa wingi mkubwa kuikataa huduma ya taifa ya afya, NHS, kabla haijaanza Julai 1948. Madaktari wa Saskatchewan, Kanada, waligoma siku 23 mwaka 1962. Leo mwanasiasa wa nchi hizo anayetaka kuifuta huduma hiyo anajitakia kushindwa. Marekani sheria ya Obama ya 2010 ilipingwa vikali, tovuti ya kujisajili ikazimika siku ileile ilipofunguliwa, Oktoba 1, 2013. Tarehe hiyo inafanana na yetu, ila tofauti ni kubwa: kule tovuti ilipokwama, bima nyingi zilizokuwapo hazikuzimwa siku hiyo. Huku NHIF ilifungwa na SHA ikafunguliwa kwa siku moja. Wagonjwa wa figo na saratani, ambao tiba yao haina subira, wakajikuta kwenye kaunta ya hospitali hawamo kwenye mtambo mpya wala wa zamani.

Na katika nchi hizo upinzani ulipungua kadiri watu walivyotibiwa. Kwetu umeendelea kuchochewa na kaunta. Februari 2025 hospitali za kibinafsi chini ya chama chao, RUPHA, zilitangaza kusitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni. Mwezi uliofuata Rais akaagiza hospitali zilizokuwa zikiidai NHIF ya zamani shilingi milioni 10 au chini ya hapo zilipwe, na nyingine zihakikiwe kwanza. Uhakiki ni wa haki. Lakini mgonjwa aliyelipa mchango na akaambiwa atoe pesa taslimu hahitaji mwanasiasa wa kumchochea.

Kutoka hapo tunaingia kwenye mtego ambao unawahusu wapinzani pia. Waliojisajili wamepita milioni 20, lakini katika sekta isiyo rasmi wanaolipa ni wachache mno ukilinganisha na waliojisajili. Kila mwenye afya anayekaa nje akisubiri SHA inyooke anaifanya isinyooke, kwa kuwa mfuko unabaki na wagonjwa na waajiriwa waliokatwa bila kuulizwa. Mtu anayesema halipi mpaka hospitali zilipwe, na hospitali zinazosema hazitibu mpaka zilipwe, wote wana haki, na kwa pamoja wanammaliza mgonjwa wa figo wa kaunti ya mbali ambaye hana pa kwenda. Kususia ni silaha halali dhidi ya ushuru. Dhidi ya bima, risasi inampata mwanachama mwenzako kwanza.

Ndiyo maana sitaki SHA ifutwe, na sitaki iachwe ilivyo. Mjamzito asidaiwe mchango mlangoni. Wa juakali aruhusiwe kulipa kwa mwezi, na aonyeshwe hesabu iliyompa kiwango chake. Mwajiri achangie. Mtambo uwe mali ya umma. Na kila mwezi SHA ichapishe, hospitali kwa hospitali, ilichokusanya, ilicholipa na inachodaiwa. Hilo la mwisho halihitaji sheria mpya wala bajeti, kwani tarakimu hizo tayari ziko ndani ya mtambo tunaoulipia.